Mwigizaji Akikosa Jukwaa, Jambazi Humpa Nafasi

Yapo mambo ambayo mtu huyacheka na huku moyo wake ukimsuta. Filamu ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, ni miongoni mwa mambo hayo. Hadithi yake ni nyepesi kusimulia lakini nzito kumeza. Kijana mmoja wa mashambani, Mwas, ambaye riziki yake ni kuuza sinema za mapigano, anatamani kuwa mwigizaji wa jukwaani. Anafunga safari hadi Nairobi. Mara tu afikapo mjini anaporwa kila alichobeba, kisha anatiwa mbaroni na polisi. Humo korokoroni anajuana na Oti, kiongozi wa genge dogo la wezi wa vipuri vya magari, na tangu hapo maisha yake yanagawanyika mapande mawili. Mchana anahudhuria mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Usiku anang'oa taa na vioo vya magari ya watu.

Sina haja ya kuisifu filamu hiyo, kwa kuwa imekwisha kusifiwa na wajuzi. Katika tamasha la filamu la Durban la mwaka huo, Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora, na filamu yenyewe ikawa ya kwanza kuteuliwa na Kenya kuiwakilisha katika mashindano ya tuzo za Oscar. Ninalotaka kulijadili na walimu wenzangu na wanafunzi wa Garissa, Wajir na Mandera ni swali ambalo filamu hiyo inaliuliza, na ambalo sisi wa Kaskazini Mashariki tuna sababu kubwa ya kulijibu kuliko wengi. Je, ni nani anayempa kijana nafasi ya kuigiza, na anamlipa nini?

Tuanze na kicheko chenyewe. Walimu wa fasihi huita mchanganyiko wa aina hii tanzia-ramsa, yaani mchezo unaomchekesha mtazamaji kwa mambo ambayo kwa hakika ni ya kuhuzunisha. Mahabusu wazoefu wanamwamuru Mwas kusafisha choo kilichojaa uchafu, na mtazamaji anajikuta akicheka pale ambapo angepaswa kulia. Wezi wanapanga njama kwa makini kama wachezaji wa tamthilia wanaopeana zamu za kusema. Polisi waliopaswa kuwakamata wanadai fungu lao, na mwishowe wanawaua wale wale waliokuwa wakigawana nao. Ama kwa hakika, katika hadithi hiyo kila mtu anaigiza. Mwizi anaigiza uungwana, polisi anaigiza sheria, na Mwas peke yake ndiye anayetaka kuigiza kwa halali, mbele ya watu, chini ya taa, na kupigiwa makofi.

Tukumbuke pia kwamba jukwaa analoligombea Mwas halikuwa la kubuniwa. Kundi la Phoenix Players lilikuwapo kweli katikati ya jiji la Nairobi, likaanzishwa katika miaka ya 1980 na kuwalea waigizaji wengi wenye jina nchini. Mwaka 2017 jumba lake lilifungwa kwa sababu ya madeni. Kwa hiyo, miaka mitano tu baada ya filamu kuonyeshwa, mlango ambao kijana yule wa hadithi aliuota usiku na mchana ulikuwa umefungwa kwa waigizaji wa kweli. Waliosalia wanaishi kwa kuungaunga. Baadhi yao ndio wale wanaozunguka shuleni kuigiza vitabu teule, ambao wanafunzi wetu huwangojea kwa hamu. Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa, walikula kwa Kigogo. Ilipokuja zamu ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, wakahamia huko. Mtihani ukibadilisha kitabu, na chakula cha mwigizaji hubadilika. Mtu anayeishi hivyo katika mji mkuu wa nchi anatupa kipimo cha hali ya mwigizaji aliye mbali na mji mkuu.

Sasa tuje kwetu. Mwanafunzi wa shule ya upili mjini Garissa mwenye kipawa cha kuigiza ana njia moja iliyonyooka, nayo ni Tamasha ya Kitaifa ya Drama. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1959, humpandisha mshindani kutoka ngazi ya chini hadi ya kaunti, ya eneo, na hatimaye ya taifa. Ni jambo jema mno. Tatizo ni kwamba ngazi hiyo hukatika ghafula. Kijana akimaliza kidato cha nne, tamasha imemaliza kazi naye. Jana alikuwa mfalme au hakimu jukwaani. Leo ameketi kivulini na vijana wenzake, kila mmoja akingoja jambo litokee. Hakuna aliyemfukuza katika sanaa, ila hakuna pia aliyemwambia jioni aelekee wapi.

Hapo ndipo wengine humpa nafasi. Tujiulize kwanza ni nafasi gani ambayo taifa lenyewe limekuwa likimpa kijana wa Kaskazini Mashariki katika mchezo wake mkubwa. Tangu vita vya mwaka 1963 hadi 1967, neno "shifta" limemwandama mtu wa eneo hili kama vazi aliloshonewa bila kupimwa. Sheria za hali ya hatari zilidumu hapa hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya bunduki za vita hivyo kunyamaza. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, na wengi hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kupigwa msasa na kupewa kadi maalumu ili kuthibitisha kwamba hii ni nchi yao. Jina la ujambazi linapotangulia mbele ya mtu, halimchekeshi mtu yeyote.

Hata leo, kijana anayesafiri kutoka Garissa kwenda Nairobi huijua vyema sanaa ya uigizaji. Afikapo kwenye kizuizi cha barabarani hulazimika kuigiza kutokuwa na hatia ilhali kweli hana hatia. Hutengeneza uso, hupima sauti, huchagua maneno, hutoa kitambulisho kwa mkono usiotetemeka. Akikosea mstari mmoja tu, anashushwa garini. Hayo ni mazoezi ambayo hakuna mwalimu wa drama anayeyafundisha, na ambayo abiria wenzake wengi hawakulazimishwa kuyafanya.

Wala si Kenya peke yake iliyoandika hadithi hiyo. Mwaka 2013 Marekani ilitoa filamu ya Captain Phillips, inayohusu kutekwa nyara kwa meli ya Maersk Alabama mwaka 2009. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen na Minneapolis, aliigiza kama kiongozi wa maharamia. Hakuwa amewahi kuigiza filamu kabla ya hapo. Aliigiza kwa ustadi mkubwa, akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar na kushinda ile ya BAFTA ya Uingereza. Nampongeza kwa moyo wote. Hata hivyo, tunapaswa kuona kwamba mlango uliofunguliwa kwa Msomali huyo kuingia katika jumba kubwa la sinema ulikuwa na bango lililoandikwa "haramia". Mwas alikuwa mwigizaji aliyejifunza ujambazi ili apate kuishi. Kwa Abdi, ujambazi wa kuigiza ndio uliompa kazi ya uigizaji.

Yupo tena mtoaji nafasi wa tatu, naye ni hatari kuliko wote. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Jeraha hilo tunalo mpaka leo. Wengi walidhani kwamba wauaji wa aina hiyo hutoka katika njaa na ujinga. Lakini mmoja wa waliokuwa na bunduki alfajiri ile alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba mwanawe ametoweka. Hakukosa elimu, wala hakukosa mzazi wa kumtafuta.

Jambo hili linatulazimu kufikiri zaidi ya mkate. Sidai kwamba najua yaliyokuwa moyoni mwa kijana yule, na hakuna hadithi inayoweza kuosha damu aliyoimwaga. Ninalosema ni kwamba anayewaandikisha vijana katika makundi hayo hufanya kazi inayofanana mno na ya mwelekezi wa tamthilia. Humpa kijana jina jipya. Humvika maleba. Humfunza maneno ya kusema, humweka mbele ya kamera na kumwahidi hadhira ya ulimwengu mzima. Humwambia kwamba yeye ndiye mhusika mkuu wa hadithi kubwa. Kijana ambaye hajawahi kuambiwa na mtu mwingine kwamba ana nafasi yoyote katika hadithi yoyote anaweza kuyasadiki maneno hayo.

Turudi kwa Mwas tuone tofauti. Yeye pia anapata katika genge la Oti mambo ambayo jiji lilimnyima, yaani jina, marafiki, mahali pa kulala na kazi ya kufanya. Kinachomnusuru ni kwamba anayo sehemu nyingine ya kusimama. Lipo jukwaa linalomngoja saa fulani, na wapo watu watakaouliza alikokuwa asipofika. Genge linapoangamia kwa risasi za polisi, yeye anaponea chupuchupu na kulikimbilia jukwaa. Huenda mtu akasema kwamba huo ni wepesi wa watunga filamu. Mimi naamini kwamba mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi mtundu akitulia baada ya kupewa nafasi katika mchezo wa shule anajua kwamba filamu haikudanganya.

Najua yatakayosemwa. Wazazi wengine, na hata baadhi ya walimu, watauliza kama tunataka watoto wao wafundishwe kuwacheka wezi na, kwa kuwacheka, kuwapenda. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lugha ya filamu hiyo ni chafu mahali pengi na umwagaji damu wake ni wa kutisha. Sipendekezi ionyeshwe kwa watoto wa kidato cha kwanza. Lakini futuhi inayohusu uhalifu si kitu kigeni kwetu. Taifa hili lilikaa mbele ya runinga kwa miongo kadhaa likitazama Vioja Mahakamani, ambapo kila juma mshtakiwa alisimama kizimbani na visingizio vyake. Hatukutoka hapo tukitamani kuwa washtakiwa. Ngugi wa Thiong'o, katika Shetani Msalabani, aliwakusanya wezi na wanyang'anyi katika mashindano ya kujigamba, na msomaji akacheka hadi akatambua kwamba aliyekuwa akiibiwa ni yeye mwenyewe.

Na kwa wasemao kwamba mambo ya jukwaa si ya Wasomali, historia inawakanusha. Jumba la Taifa la Maonyesho la Mogadishu lilifunguliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata, Hassan Sheikh Mumin alitoa mchezo wake mashuhuri wa Shabeelnaagood, maana yake chui miongoni mwa wanawake, unaomhusu laghai mwenye maneno matamu anayewahadaa wasichana kwa ndoa ya uongo. Umati wa watu ulimcheka laghai huyo, na katika kicheko hicho wasichana walionywa, nao wazazi wakaaibishwa kwa uzembe wao. Hiyo ilikuwa futuhi ya uhalifu, kwa Kisomali fasaha, zaidi ya miaka 40 kabla Mwas hajapanda basi kwenda Nairobi.

Wenye bunduki waliijua nguvu ya jumba lile kuliko sisi tunavyoijua. Baada ya kuharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilifunguliwa tena Machi 2012. Mnamo tarehe 4 Aprili, wiki chache tu baadaye, lililipuliwa wakati wa sherehe. Wakuu wa shirikisho la kandanda na wa kamati ya Olimpiki ya Somalia walikuwa miongoni mwa waliokufa, na Al-Shabaab wakajitwika dhamana ya shambulio hilo. Ilipofika Septemba 2021 jumba hilo likaonyesha filamu tena, kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 30. Mtu hapotezi baruti yake kwa kitu kisicho na maana. Wauaji hao walifahamu kwamba aliye na jukwaa lake hana haja ya lao.

Inasikitisha basi kwamba sisi wenyewe wakati mwingine humtazama mwigizaji kama mhalifu. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulipigwa marufuku, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Aprili 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War, nao pia ulikuwa umehitaji amri ya mahakama. Wakakuta polisi, na vitoa machozi vikafyatuliwa. Wasichana walikataa kuigiza katika hali hiyo. Mwanafunzi wa Garissa aliyeyasikia hayo alijifunza nini? Alijifunza kwamba hata jukwaa la halali lina kizuizi chake cha barabarani, na kwamba askari wanaweza kutumwa kumzuia msichana anayesema maneno aliyoyakariri.

Tufanye nini basi? Kwanza, sisi walimu tuache kuandika michezo ambayo mhalifu wake hana sababu. Tamthilia nyingi za shule kuhusu ugaidi na wizi wa mifugo zina mtu mbaya aliye mbaya tangu pazia linapofunguliwa, na mzee mwema anayetoa hotuba kabla pazia halijafungwa. Mwanafunzi hupiga makofi kwa adabu na kwenda zake. Tumwachie aandike mwandikishaji mwenye ulimi wa asali, jambazi mwenye mizaha, askari mwenye njaa. Kisha aonyeshe hesabu inavyolipwa mwishoni. Kijana aliyeyaandika maneno ya laghai kwa mkono wake mwenyewe atayatambua siku atakapoyasikia sokoni au simuni. Pasiwe na woga wa lugha pia. Kiswahili na Kisomali vikikutana katika mchezo mmoja, kama vinavyokutana kila siku katika soko la mifugo la Garissa, hadhira itakuwa kubwa zaidi.

Pili, tuunganishe ngazi iliyokatika. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika shule za sekondari ya juu, na uigizaji na filamu vimo ndani yake. Hilo ni jambo la kushukuru, ila mkondo ulioandikwa katika karatasi hauna maji mpaka shule ziwe na walimu wake. Wakuu wa shule za Garissa, Wajir na Mandera waulizwe ni wangapi watakaoutoa. Ukumbi wa shule unaolala mtupu Jumamosi nzima ungeweza kufunguliwa kwa vijana waliomaliza masomo. Aliyewahi kufika ngazi ya taifa alipwe kitu, hata kidogo, kuwafunza walio nyuma yake. Serikali za kaunti hutenga fedha za amani na za kuwazuia vijana wasiingie katika makundi ya kigaidi. Sehemu ya fedha hizo na iende kwa vikundi vya maonyesho, ilipwe kama ujira wa kazi, na isigeuzwe kuwa posho ya semina ya siku mbili hotelini. Mwigizaji aliyelipwa ana cha kupoteza.

Tatu, na hili nawaambia wanafunzi moja kwa moja. Msingoje kuandikiwa. Nafasi ya shifta, ya haramia na ya gaidi ziliandikwa na watu wasiowajua, na zitaendelea kuchezwa maadamu hakuna mchezo mwingine uliopandishwa jukwaani. Mnayo mambo ya kuchekesha kuliko yote niliyoyataja hapa. Mnao askari wa kizuizini anayeuliza swali lile lile kila juma kwa mtu yule yule. Mnao dalali wa ngamia anayemwapia mteja kwa jina la mnyama aliye mgonjwa. Mnaye binamu aliyerudi kutoka Nairobi na viatu vipya na asiyetaka kusema amevipata wapi. Huyo wa mwisho mwandikeni kwa uangalifu, kwa maana ndiye Mwas wenu, na haijulikani bado hadithi yake itaishia jukwaani au mbele ya risasi.

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa Garissa angali mbichi, na mikono inayotaka kumkunja ni mingi. Mmoja wa mikono hiyo sharti uwe wa mwalimu wa drama, mwenye karatasi chache za mchezo, ukumbi uliofunguliwa na saa ya mazoezi inayojulikana. Gharama yake ni ndogo, hasa tukiilinganisha na ile tuliyokwisha kuilipa.